Ukuta Umejengwa, Kongano Liko Wapi?

Ukitaka kuelewa kongano la viwanda ni kitu gani, usianzie kwenye hotuba ya gavana. Pita Kibuye, Kisumu, siku yoyote isiyo Jumapili, ushike upande wanakogonga chuma. Huyu anakunja mabati ya masanduku, yule anachomelea mageti, mwingine anatengeneza majiko, na kati yao yuko muuza vyuma chakavu, kijana wa kupiga rangi, mama wa chai na mwenye mkokoteni. Mteja akitaka geti na fundi amekosa kipande cha chuma, kijana wa kazi anatumwa kwa jirani na hesabu zinafanywa jioni. Kazi ikizidi, inagawanywa. Hakuna wizara iliyoketi ikapanga haya.

Kazi zinazotegemeana, zikijazana mahali pamoja, ndizo kongano. Mwanauchumi Mwingereza Alfred Marshall alilieleza jambo hili mwaka 1890, akiitazama miji kama Sheffield iliyojulikana kwa visu na vyuma. Sababu alizozitoa bado zinasimama: mwenye ujuzi anajua akienda pale hatakosa kazi, muuza malighafi anajua hatakosa wateja, na ufundi wenyewe unavuja kutoka karakana moja hadi nyingine hata mwenyewe asipotaka. Hiyo ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi, na tutaona inavyoleta faida na hasara kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo mji wenye kiwanda kimoja kikubwa hauna kongano. Webuye ilikuwa na kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, na mji mzima ulikula kupitia lango lile. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2009, hapakuwa na viwanda vingine vya karatasi vya kuwapokea mafundi, wala wanunuzi wengine wa miti. Ujuzi wa miaka mingi ukatawanyika.

Neno lenyewe, kongano, limezoeleka zaidi Tanzania. Tume yao ya sayansi, COSTECH, imekuwa ikizungumzia "kongano bunifu", yaani lile ambalo mbali na mafundi na wafanyabiashara lina chuo, watafiti na serikali wanaokaa meza moja na kuulizana bidhaa itaboreshwa vipi. Kwetu Kenya msemo unaosikika zaidi ni "bustani ya viwanda", na sehemu ya mkanganyiko inaanzia hapo. Bustani ni ardhi iliyozungushiwa ukuta. Kongano ni watu wanaofanya biashara pamoja. Unaweza kuwa na ukuta na usiwe na watu hao, au ukawa nao kwa miaka arobaini bila ukuta.

Kama kongano linajiotea lenyewe, serikali ya nini?

Swali ni la haki, na jibu linahitaji mfano. Chukua fundi anayetengeneza mashine za kukatia nyasi za ng'ombe. Mashine yake ni nzuri, ila visu vinaisha makali upesi kwa sababu chuma hakikupitishwa kwenye moto na kupozwa kwa kipimo. Tanuri la kufanyia kazi hiyo ni ghali. Akikopa alinunue, litatumika saa chache kwa wiki, siku nyingine lilale. Na akigundua kipimo sahihi cha moto, wiki ya pili jirani atakuwa anakijua, maana mwanagenzi aliyekuwa akimsaidia amehamia huko kwa mshahara ulioongezwa kidogo. Yeye alilipa gharama ya kujifunza, faida wakaigawana wote. Basi kwa akili timamu kabisa anaamua kutonunua tanuri, na visu vinaendelea kuisha makali mtaa mzima.

Ujuzi unaovuja, ambao ndio uhai wa kongano, ndio huo huo unaomvunja moyo yeyote anayefikiria kuwekeza kwenye kitu kipya. Ongeza maabara ya kupima ubora, ambayo hakuna karakana moja inayoweza kuimudu. Ongeza mafunzo, barabara, stima ya awamu tatu (ile ya kuendeshea mashine kubwa) isiyokatika, na mnunuzi mkubwa anayetaka vipande elfu tano vilivyo sawasawa wakati kila fundi anaweza kutoa hamsini. Hayo ndiyo mapengo ambayo msaada wa serikali una sababu ya kuyaziba. Nje ya hapo, mara nyingi serikali inafanya kazi ambayo soko lingeifanya lenyewe, tena kwa bei nafuu.

Shika kipimo hicho mkononi, kisha tuitazame pesa ya umma inakoelekea.

Tabia ya kuanza na jengo

Kenya ilianza zamani. Mwaka 1967 serikali iliunda KIE, shirika la kuwajengea wenye viwanda vidogo mabanda na kuwapa mikopo, na miji kama Nakuru na Kisumu ikapata maeneo yake. Mwaka 2009, katika mpango wa kuchangamsha uchumi, ikaamuliwa kila eneo bunge lipate banda la jua kali. Mengi ya mabanda hayo yalikaa bila kutumika kwa miaka. Mengine hayakuwa na stima, mengine yalijengwa mahali ambapo wateja hawapiti. Fundi hawezi kuhama kutoka kando ya barabara kwenda kwenye banda lililo shambani kwa sababu tu lina paa zuri.

Sasa tuko kwenye zamu ya vituo vya kukusanyia mazao na bustani za viwanda za kaunti, vinavyojulikana kwa kifupi CAIP. Mpango ulikuwa serikali ya kitaifa itoe shilingi milioni 250 kwa kila kaunti na kaunti yenyewe iongeze milioni 250. Kundi la kwanza lilikuwa la kaunti 18, katika mwaka wa fedha wa 2023/24. Busia walichagua Nasewa, Homa Bay wakachagua Riwa. Wazo lenyewe si baya hata kidogo: mkulima apeleke mihogo, maziwa au viazi kwenye kituo kilicho karibu naye, mazao yapangwe na kupoozwa, kisha yaende kwenye bustani ambako wenye viwanda wamekodi maghala na kuwekewa maji, stima na barabara. Mkulima apate soko la uhakika, kiwanda kipate malighafi bila kuzunguka vijijini.

Ugumu ni kwamba kila kaunti inapewa kiasi kile kile, iwe tayari ina wasindikaji kumi au haina hata mmoja. Kujenga ghala la viazi kabla ya kumpata wa kuvisindika ni kununua sufuria kabla ya kujua unga utatoka wapi. Pesa yenyewe nayo ina safari ndefu. Ile ya kitaifa ni ruzuku yenye masharti, na hupita katika sheria ya peke yake ya mgao wa ziada kwa kaunti. Bunge la Kitaifa na Seneti zikivutana juu ya sheria hiyo, mkandarasi anasimama. Mwaka wa fedha unaisha Juni, na anayelipwa Mei kwa kazi ya Septemba huwa amekwisha kuondoa mashine zake.

Sitaki nionekane ninazibeza bustani hizi. Busia, mpakani kabisa na Uganda, ina sababu ya kibiashara ya kuwa na mahali pa kusindika na kufungasha. Ninachopinga ni kuhesabu jiwe la msingi kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Kodi nayo ina lango lake

Aina ya pili ya msaada ni maeneo maalumu ya kiuchumi, yaliyowekwa na sheria ya mwaka 2015. Kampuni iliyo ndani hulipa kodi ya mapato ya asilimia 10 kwa miaka kumi ya kwanza na asilimia 15 kwa kumi inayofuata, wakati kampuni ya kawaida hulipa asilimia 30. Kabla yake yalikuwapo maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, ya sheria ya 1990, ambayo hutoa likizo ya kodi ya miaka kumi. Watu huyachanganya mawili haya, na yote mawili huyachanganya na bustani za kaunti. Tofauti kubwa ni hii: bustani ya kaunti inakupa mahali, eneo maalumu linakupa nafuu ya kodi na forodha.

Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru, ndiko mfano ulio wazi zaidi. Mvuke wa Olkaria umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981, reli mpya ilifika upande huo mwaka 2019, na serikali imekuwa ikiwaahidi wawekezaji umeme wa bei nafuu wakiwa jirani na chanzo chake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini atapona vipi? Kwa sheria za forodha, ukiwa ndani ya eneo maalumu unahesabiwa kama uko nje ya nchi. Bidhaa ikiuzwa kwa Mkenya inatozwa ushuru kana kwamba imeingia kutoka ng'ambo, na kinachovuka lango, kwenda au kurudi, kina karatasi zake. Kiwanda kikubwa kina karani wa kushughulikia hayo. Fundi wa Gilgil anayeweza kukitengenezea meza za chuma au kukirekebishia toroli hana karani. Hivyo lango lililowekwa ili kumvutia mwekezaji linaweza kumtenga na watu ambao wangefanya kongano limzunguke. Isipokuwepo ofisi yenye kazi ya kuwaunganisha hao wawili, tutapata ajira za kiwandani, ambazo si haba, lakini ujuzi utabaki ndani ya ukuta.

Hapo hapo Naivasha kuna kongano lingine ambalo halikuzaliwa na sheria hiyo, nalo ni la maua. Maji ya ziwa, hali ya hewa ya juu, na barabara ya kufika uwanja wa ndege wa Nairobi ndivyo vilivyowaleta wakulima wakubwa. Nyuma yao wakafuata wauza vyandarua vya vivuli, mabomba ya umwagiliaji na makasha, na wataalamu wa wadudu. Oserian, iliyoanza maua miaka ya 1980, ilifikia hatua ya kupasha joto vivungulio vyake, yaani nyumba za kuoteshea mimea, kwa mvuke wa ardhini. Serikali ilitoa nini? Barabara, uwanja wa ndege, na ukaguzi. KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea lililoundwa 1996, ndilo linalotoa cheti ambacho bila hicho ua halishuki Amsterdam. Ni huduma ambayo hakuna mwanasiasa aliyewahi kukata utepe kwa ajili ya cheti chake kimoja, lakini ikisimama siku mbili tu, ukanda wote wa ziwa unasimama.

Samaki walivyotufundisha thamani ya maabara

Tukirudi Kisumu, kuna historia ambayo ingefaa ifundishwe kwa kila waziri wa viwanda wa kaunti. Mbuta, yule ambaye Watanzania wanamwita sangara, aliletwa Ziwa Victoria katikati ya karne iliyopita, na kufikia miaka ya 1980 viwanda vya kukata minofu vilikuwa vimeota kandokando ya ziwa. Kongano likakua haraka: wavuvi, wenye mashua, malori ya barafu, viwanda, wasafirishaji. Hata mabaki yalipata wenyewe. Mifupa yenye nyama kidogo, iitwayo mgongo wazi, ilikwenda Obunga kukaangwa na kuuzwa na akina mama, ikawa chakula na biashara ya mtaa mzima.

Kisha ikaja mishtuko ya kuanzia 1997. Masoko ya Ulaya yalifungwa zaidi ya mara moja, kwanza kwa vijidudu vilivyoonekana kwenye minofu, kisha kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 kwa habari za watu kuvua kwa sumu. Kiwanda kimoja kimoja hakikuwa na la kufanya. Ungeweza kuwa na sakafu inayong'aa na bado ukafungiwa, kwa sababu Ulaya haikuwa inauliza habari za kiwanda chako. Ilikuwa inauliza: serikali yenu ina mamlaka ya ukaguzi inayoaminika? Ina maabara ya kupima sumu? Mialo mnayoshushia samaki ina maji safi na sakafu ya saruji? Uganda na Tanzania ziliweza kujibu mapema na kuruhusiwa kuuza tena. Kenya ilichelewa, na kila mwezi wa kuchelewa ulikuwa hasara kwa watu wa Kisumu, Homa Bay na Migori ambao hawakuwahi kuvua kwa sumu.

Kilichowatoa hapo ni kazi ya pamoja ambayo haikuwa na mvuto wowote kwenye picha: wenye viwanda wakiungana katika chama chao ili kuzungumza kwa sauti moja, idara ya uvuvi ikipanga upya ukaguzi, sampuli zikipimwa, mialo ikirekebishwa.

Kisa kama hicho kilitokea mbali na kwetu, Sialkot nchini Pakistan, mji wa viwanda vidogo vinavyotengeneza mikasi na koleo za madaktari wa upasuaji. Mwaka 1994 Marekani ilizuia vifaa vyao kwa ajili ya ubora. Mafundi walioshindana miaka yote wakalazimika kuungana na serikali ili chuma kipimwe na viwango vifuatwe, na biashara ikarudi.

Kwa samaki wetu kulikuwa na mwisho mwingine mchungu. Maabara ilipopatikana, samaki mwenyewe alianza kuadimika kwa kuvuliwa kupita kiasi, na viwanda kadhaa vikafungwa. Hakuna msaada wa viwanda unaoweza kuchukua nafasi ya malighafi. Rivatex ya Eldoret inajua hilo pia. Moi University ilikinunua kiwanda hicho cha nguo mwaka 2007, kikapata mitambo mipya kwa mkopo kutoka India na kuzinduliwa upya 2019, lakini pamba ya kuilisha mitambo hiyo haijatosha.

Pareto, au namna ya kuliua kongano

Nakuru iliwahi kuwa na kongano bunifu kabla jina hilo halijabuniwa. Wakulima wa pareto walikuwa Molo, Kinangop na nyanda nyingine za juu, utafiti wa mbegu ulifanyika Molo, na kiwanda cha kukamua dawa ya wadudu kilikuwa Nakuru mjini. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya pareto ya dunia ilitoka Kenya. Mkulima, mtafiti na kiwanda walikuwa mwendo wa saa chache tu kati yao. Kwa vigezo vyote vya vitabuni, lile ni kongano lisilokufa.

Likafa. Mnunuzi kisheria alikuwa mmoja tu, bodi ya serikali, na bodi hiyo ilipoanza kuchelewesha malipo, miezi ikawa miaka. Mkulima hakuwa na wa kumwendea mwingine. Aling'oa pareto akapanda viazi, au akafuga ng'ombe, maana maziwa yanalipwa. Wakati huo huo Tasmania, kisiwa cha Australia, ilikuwa imechukua zao hilo hilo, watafiti wa chuo kikuu cha huko wakalitengenezea aina inayovunwa kwa mashine, na kampuni ikaingia mikataba na wakulima. Nafasi ya Kenya ikaenda. Sheria ya pareto ya 2013 iliwafungulia mlango wanunuzi binafsi, na kilimo kimeanza kurudi taratibu, lakini mkulima aliyeungua mara moja hapandi ekari tatu kwa ahadi.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu mijadala ya makongano hupenda habari za ardhi, mitambo na mitaji, na husahau malipo. Serikali ikiwa mnunuzi, kulipa kwa wakati ndiyo sera ya viwanda iliyo kubwa kuliko zote. Mwaka 2020, wakati wa korona, zilitengwa shilingi bilioni 1.9 za madawati ya shule kutoka kwa mafundi wa humu nchini. Hapo palikuwa na mchoro mmoja, kipimo kimoja, na oda kubwa kuliko uwezo wa fundi mmoja, yaani sababu tosha ya mafundi kuungana na kujifunza kufanya kitu kwa viwango. Oda za namna hiyo, zikija kila mwaka na kulipwa ndani ya mwezi, zingefanya zaidi ya mabanda mia. Zikija mara moja na kulipwa baada ya kusumbuana, zinamwacha fundi na deni la mabati.

Ukanda wa miwa nao uko katikati ya jaribio lake. Sheria ya Sukari ya 2024 imerudisha Bodi ya Sukari na tozo ya asilimia 4, ambayo sehemu yake inapaswa kwenda kwenye utafiti, na mwaka 2025 viwanda vinne vya serikali, Chemelil, Muhoroni, Nzoia na Sony, vilikodishwa kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Huku Magharibi watu watapima jambo hilo kwa tarehe ya malipo ya miwa kabla ya kitu kingine chochote.

Chuo kiko wapi katika haya?

Kwenye karatasi, hatukosi taasisi. KIRDI, ya utafiti wa viwanda, ilianzishwa 1979 na ina kituo Kisumu chenye mashine ambazo mjasiriamali mdogo anaweza kuzitumia. Maseno, Masinde Muliro ya Kakamega, Jaramogi Oginga Odinga ya Bondo, Kibabii ya Bungoma na Egerton ya Njoro ziko ndani ya eneo hili. Sheria ya sayansi ya 2013 iliunda wakala wa ubunifu, KENIA, na mfuko wa utafiti ambao kwa mujibu wa sheria yenyewe unapaswa kupata asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Hiyo ni ahadi ambayo haijawahi kutimizwa.

Hata pesa zingekuwepo, kungebaki umbali, na sisemi kilomita. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala aliyochapisha, si kwa tanuri alilomsaidia fundi kuliwasha. Fundi naye hawezi kufunga kazi siku nzima akaketi kwenye ukumbi wa semina. Kumasi, Ghana, walilitatua hili kwa njia ninayoipenda. Chuo kikuu cha huko kilikuwa na kituo cha ushauri wa teknolojia tangu 1972, na mwaka 1980 kikafungua karakana yake katikati ya Suame Magazine, mtaa maarufu wa mafundi wa magari na vyuma. Mashine za kukereza na wahandisi walikaa pale pale mafundi walipo, na fundi aliyejifunza mashine aliweza kusaidiwa kuipata ya kwake. Fikiria karakana ya namna hiyo ya Kisumu National Polytechnic, iliyofunguliwa Kibuye, ikilipwa kidogo kwa saa kwa matumizi ya tanuri na vipimo. Haitahitaji milioni 500.

Nakuru kuna kitu kinachokaribia hapo. Huko Menengai, GDC, kampuni ya serikali ya mvuke wa ardhini, iliweka majaribio ya kuonyesha kwamba joto la ardhini linaweza kuchemsha maziwa kwa kipimo cha usalama, kupasha kivungulio, kufulia nguo na kufugia samaki. Wasindikaji wadogo wa maziwa hutumia pesa nyingi kwa kuni na stima, kwa hiyo joto la bei nafuu ni msaada unaogusa gharama halisi. Hatua iliyobaki ni ya kibiashara: bomba litafika wapi, na kizio cha joto kitauzwa bei gani.

Kuhusu kuibiana ubunifu, kuna dawa ambayo mafundi wengi hawajaisikia. Taasisi ya hakimiliki za viwanda, KIPI, inatoa cheti cha ubunifu mdogo, ambacho masharti yake ni mepesi kuliko ya hataza (patent) kamili na ulinzi wake ni wa miaka kumi. Hakizuii kila jirani kunakili, lakini kinampa fundi kitu cha kwenda nacho benki au kwa kampuni inayotaka kuitengeneza mashine yake kwa wingi.

Serikali mbili, fundi mmoja

Katiba ya 2010 iligawa kazi kwa namna inayofanya msaada wa makongano uwe mgumu. Vyuo vikuu, viwango vya ubora na hakimiliki ni vya serikali ya kitaifa. Kilimo, masoko, leseni za biashara, ushirika na vyuo vya ufundi vya vijijini ni vya kaunti. Fundi wa Kisumu analipia kibali chake kwa kaunti, alama ya ubora anaipata KEBS, shirika la viwango, ambalo ni la kitaifa, na ardhi anayokalia huenda ni ya shirika la reli. Bandari na reli ya Kisumu zilipokuwa zikifufuliwa, wafanyabiashara wengi waliokuwa kwenye ardhi ya reli walibomolewa vibanda. Bandari ilihitajika, sina ubishi. Lakini mkono mmoja wa serikali ulikuwa ukitawanya watu ambao mkono mwingine ungewatafuta baadaye wakaingie kwenye bustani ya viwanda.

Kaunti 14 za ukanda wa ziwa zina umoja wao wa kiuchumi wenye makao Kisumu, na kwa mantiki ya makongano huko ndiko maamuzi mengine yangefaa kufanyika. Miwa haijui mpaka wa Kakamega na Bungoma. Maabara moja ya kupima samaki inaweza kuhudumia Siaya, Homa Bay na Migori. Kila gavana, hata hivyo, anataka ya kwake, na mpiga kura wake pia.

Ujerumani ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1995 serikali yao ilitangaza shindano la teknolojia ya viumbe hai: mikoa ijipange, vyuo, kampuni na benki vilete mpango mmoja, bora zaidi upewe pesa. Mikoa 17 iliingia, mitatu ikashinda mwaka uliofuata, ukiwemo wa Munich, na Jena ikapewa tuzo maalumu. Cha kuvutia ni kwamba hata walioshindwa walikuwa wamelazimika kukaa pamoja ili kuandika ombi, na baadhi waliendelea. Ufaransa ilipofanya shindano lake miaka kumi baadaye, maombi yalikuwa 105 na yaliyokubaliwa 67, ishara kwamba kugawia kila mtu si ugonjwa wa Nairobi peke yake.

Je, Kenya ifanye mashindano? Ninasitasita. Shindano humpa aliye mbele, na Turkana au Tana River zingebaki nyuma daima. Mgawo sawa una haki yake katika nchi iliyonyima maeneo kwa miongo. Ila ningependa milioni 250 za awamu ijayo zisifuate jengo. Zigawanywe kwa kaunti iliyokwisha kuonyesha wapangaji wenye mikataba, chama cha wazalishaji kilicho hai na mtu aliyeajiriwa kuendesha mahali hapo, tena kaunti mbili au tatu ziruhusiwe kuomba kwa pamoja.

Kwa anayeishi Busia, Siaya au Njoro, mambo haya yana kalenda. Mradi wa kaunti huanza kuonekana kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, unaofikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya Septemba 1. Mwelekeo wa matumizi hufuata kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti Aprili 30. Wananchi wana haki ya kusikilizwa katika hatua hizo. Hapo ndipo pa kuuliza nani atalipa stima ya bustani mwaka wa pili, ghala limeshapata mpangaji gani, mkulima atalipwa baada ya siku ngapi, na kama kuna mashine ambayo fundi wa nje ya ukuta ataruhusiwa kuitumia. Ukisubiri siku ya jiwe la msingi, kandarasi imeshatiwa saini.